Kiini cha Yai

Jumapili nilikuwa kwenye foleni langoni mwa ule msitu ulio njia ya Dagoretti, nyuma ya mwanamke na binti wa miaka kama saba. Askari wa lango alimjua yule mama.

"Sasa auntie! Wale watoto wa bosi wako wa Lavington leo umewaacha wapi?"

"Leo ni off yangu, siku ya mapumziko," akasema, mkono kichwani mwa binti. "Huyu ni wangu. Wamefunga shule, ametoka Kitui jana."

Baadaye tulikaa benchi jirani. Mama alimenya yai la kuchemsha, akalipasua, akatoa kiini kwa kidole gumba na kuwarushia tumbili, kisha akampa binti ule weupe. Vidole vilifanya hayo yote vyenyewe, kwa mazoea.

"Mum, mbona umetupa hiyo tamu?"

"Si hupendi ya manjano?"

"Mimi? Nani alikuambia?"

Mama akachukua yai la pili, akaliangalia. "Sasa wewe hupenda aje?"

Binti akajibu kwa adabu, kama mgeni: "Vile tu utanipea."

Kama kisa kingeishia hapo, ningemsema huyo bosi wa Lavington mpaka safu yangu ya gazeti ijae. Lakini jioni mwanangu alitaka yai, nikasimama nalo mkononi, nisijue hulipenda vipi. Kwetu anayejua mambo hayo ni dada wa kazi, naye alikuwa off, kwa watoto wake. Nikampigia simu kumuuliza. Alinijibu bila kufikiri. Nyuma yake mtoto alikuwa akiita, "Mama, kuja," naye akamwambia angoje, anaongea na bosi.