Siku Walipofungua Bandeji Bila Kumshika

Binti yangu aliunguzwa mkono wa kulia na uji wa moto nyumbani kwetu Mkonze, akiwa darasa la kwanza. Hospitalini kidonda walikitibu vizuri. Kilichotushinda ni kubadilisha bandeji. Akisikia tu magurudumu ya kitoroli cha dawa koridoni, alianza kutetemeka. Hata akishapewa dawa ya maumivu, ilibidi watu wazima tumshike. Mimi nilishika miguu, nikitazama ukuta.

Asubuhi moja alikuja daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hakugusa bandeji. Aliketi kitandani akamuuliza mtoto, "Shule zikifungwa unapenda kwenda wapi?"

"Kwa bibi, Makutupora. Kwenye zabibu."

Bibi mwenyewe, mama yangu, alikuwa amesimama hapo. Daktari alipotueleza kwamba atamtuliza mtoto kwa maneno, njia ambayo wataalamu huiita hipnosia, mama alikunja uso. "Mjukuu wangu asije akafanyiwa uganga. Sisi ni watu wa kanisa."

"Shikamoo, mama," daktari alisema. "Siyo uganga. Atanisikia wakati wote, na akitaka kuacha, ataacha. Dawa yake anapata vilevile. Mimi namsaidia akili iende mahali pengine."

Mama alikubali, ila hakutaka kutoka.

Daktari alimwambia mtoto avute pumzi taratibu, kisha aingie shambani. Jua bado halijawa kali, majani yana umande. "Shika kishada. Kina ubaridi? Acha ubaridi upande mpaka kwenye kiwiko." Macho ya mtoto yalilegea, akayafumba. Nesi akaanza kufungua. Shashi ya mwisho ilipobanduka, chozi lilimtoka, lakini mkono haukusogea.

"Zimeiva?" daktari aliuliza.

"Bado," alijibu, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili.

Hakuna aliyemshika. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikimcheza, anasali.

Kidonda kilifunga, ila kovu limebaki na kidole cha mwisho hakinyooki. Bado tunakwenda kliniki kumfanyisha mazoezi ya mkono, na yanauma. Siku hizi anafumba macho mwenyewe, bila kuambiwa. Niliwahi kumuuliza huwa anakwenda wapi.

"Mama, huko ni kwangu," alisema.

Sikuuliza tena.