Mkataba Aliouandika Shangazi

Shangazi yangu hakusomea sheria. Aliishia sekondari, akajifunza kupiga chapa, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa karani wa shirika dogo linalowafundisha watu wazima wasioona kusoma maandishi ya nukta nundu. Ofisi yao iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi: vyumba vitatu, ngazi za saruji zenye kamba ya kushikilia, na mlio wa msumeno wa vyuma unaokatiza kila kikao. Waajiriwa ni wanne tu. Ikitokea kazi inayowazidi, huletwa mshauri, yaani mtaalamu wa nje anayekuja kwa miezi mitatu minne, anaimaliza, anakwenda zake.

Mtu wa maana kuliko wote pale si mkurugenzi. Ni Mwalimu, mzee asiyeona tangu utotoni, ambaye kwa miaka mingi alitunga masomo yake mwenyewe, akayatoboa kwenye kadi ngumu na kuzipanga ndani ya makasha ya viatu. Wanafunzi wake ni watu waliopoteza macho ukubwani: dereva wa lori, fundi cherehani, mama mmoja aliyetaka tu kusoma barua za wanawe bila kumpa jirani amsomee. Basi masomo hayakuanza na a, e, i. Yalianza na ufunguo, sabuni, mlango, vitu ambavyo vidole vyao vilishavijua.

Mshauri wa kwanza aliletwa kuyapanga masomo hayo yawe kitabu. Mkataba wake ulikuwa nusu ukurasa: utaifanya kazi, utaikabidhi, weka sahihi. Mkurugenzi, mtu mwema asiyependa makaratasi, alisema kuaminiana kunatosha. Kisha bila kujua akamgeuza mgeni wake kuwa tarishi. Asubuhi asaini kitabu cha mahudhurio, mchana akapokee wageni stendi, jioni aandike muhtasari wa kikao kisichomhusu. Wiki ya saba jamaa uzalendo ukamshinda. Alifunga kompyuta yake akaondoka, na kitabu kikiwa humo ndani. Shangazi alipompigia simu kukiomba, alijibiwa kwa upole kabisa:

"Dada, nionyeshe mstari unaosema kazi hii ni yenu."

Haukuwepo. Miezi michache baadaye wakasikia masomo yale yale, kuanzia ufunguo na sabuni, yanafundishwa kwingine. Jina la Mwalimu halikutajwa popote.

Wakati huo nilikuwa nikisoma chuo na kukaa kwa shangazi. Nakumbuka alivyonisimulia huku akimenya viazi, kisu kikienda kasi kuliko kawaida.

"Hata mimi ningeondoka," alisema. "Mtu amekuja na ujuzi wake, sisi tunamtuma stendi! Lakini Mwalimu je? Yeye alimkosea nani?"

Jumamosi iliyofuata alivaa viatu vyake vya ofisini akaenda kituo cha msaada wa kisheria, akajipanga kwenye benchi pamoja na watu wa kesi za mashamba na ndoa. Zamu yake ilipofika, wakili, dada mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimuuliza kesi yake ni ya nini.

"Sina kesi, mwanangu. Nataka kujua kuandika mkataba ili kesi isiwepo."

Wakili alicheka, kisha akavuta kiti karibu. Shangazi alirudi pale Jumamosi sita. Daftari lake ninalo hadi leo. Halina maneno makubwa, lina maswali. Nani anafanya nini? Mpaka lini? Nani atakagua, na kwa siku ngapi? Mtu akitaka kuacha, ataaga vipi? Kazi ikiisha, ni ya nani? Na hili alilipigia mstari mara mbili: mshauri si mwajiriwa, saa zake ni zake, na hatatumwa kazi ambayo haikuandikwa.

Zilitoka kurasa tatu, kwa Kiswahili anachoelewa mtu yeyote. Mkurugenzi alisoma kifungu cha kutotumwa, akakohoa.

"Hapa umenisema mimi?"

"Nimemsema yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho, bosi."

Ofisi nzima ilicheka. Kuanzia siku hiyo wakambatiza Mama Kifungu, na mwanzoni haikuwa sifa.

Mwaka uliofuata mfadhili alikubali kuwaletea mshauri mwingine wa kuzipanga upya kadi za Mwalimu ziwe kitabu, bingwa wa mitaala, mama anayejulikana. Alikuja na mkataba wake mwenyewe, kurasa kumi na nne. Mkurugenzi alikuwa keshashika kalamu. Hakutaka kumchosha mgeni wala kumuudhi mfadhili. Akamwita shangazi alete muhuri, maana hukaa kwenye droo yake.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mwalimu, na yeye husimulia kwa sauti alizosikia. Anasema shangazi hakuleta muhuri. Alikwenda darasani, akamshika mkono, wakaingia wote wawili.

"Bosi, kadi ni za huyu," shangazi alisema. "Naomba mkataba usomwe kwa sauti, naye asikie."

"Kurasa zote kumi na nne?"

"Zote. Nitasoma mimi."

Mwalimu anasema alisikia kalamu ikilazwa mezani, kisha kiti cha mgeni kikilia kwa kuegemewa. Shangazi alisoma. Kwenye ukurasa wa tisa palisemwa kwamba kila kitakachotokana na kazi hiyo, pamoja na masomo ya awali yatakayotumika, kitakuwa mali ya mshauri.

"Rudia hapo," Mwalimu alisema.

Shangazi akarudia.

"Kwa hiyo mimi nikitaka kufundisha kesho, nitamwomba nani ruhusa?"

Mgeni aliomba karatasi zake, akajisomea mwenyewe.

"Huu niliunakili kwenye kazi niliyofanya na kampuni moja," alisema taratibu. "Sijawahi kuusoma nikiwa nimekaa mbele ya mwenye kazi. Mzee wangu, nisamehe. Nyinyi hamna wa kwenu?"

Shangazi alikuwa nao chini ya kwapa. Mgeni alizisoma kurasa tatu pale pale, na alipofika kwenye kifungu cha kutotumwa akaangua kicheko.

"Nimefanya kazi hizi nusu ya umri wangu, hakuna shirika lililowahi kuniandikia hiki! Ila ongezeni kimoja: nikiwakabidhi sura, mkikaa siku kumi bila kujibu, ihesabiwe mmeikubali. Washauri tunaozea kwenye kusubiri."

Mkurugenzi alitaka kubisha. Shangazi alifikiri kidogo. "Ni haki yake, bosi. Sisi huchelewa." Akakiandika kwa mkono, wote wakaweka sahihi pembeni, na Mwalimu akaweka dole gumba lake. Hapo ndipo shangazi akaenda kuchukua muhuri.

Kitabu kilikamilika wiki mbili kabla ya wakati. Siku ya kukizindua nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na dirisha. Walimpa Mwalimu nakala ya kwanza. Vidole vyake vilipita juu ya jalada mara moja, vikarudi, vikapita tena polepole, na akasoma kwa sauti jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Chini yake lilifuata la mama bingwa, kama mpangaji wa masomo. Dereva wa lori alipiga mluzi. Mimi nilimtafuta shangazi kwa macho: alikuwa mlangoni na sahani za wageni mkononi, kidevu juu, machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

Siku hizi mashirika madogo humfuata kuomba nakala ya mkataba ule. Mwezi uliopita walimwita kwenye semina, na mshiriki mmoja akamuuliza alisomea sheria chuo gani.

"Mimi ni karani," alijibu. "Haya, fungueni ukurasa wa kwanza. Nani ataanza kusoma?"

Mikono ikanyooka, na mimi niliyemsindikiza nikafungua ukurasa pamoja nao.