Siku Mama Alipomponya Mdogo Wangu Mahakamani

Katika kanisa la mama, pale mtaani Kikula, mgonjwa akishaombewa haitwi mgonjwa tena. Unasema amepona hata kama homa bado inamtetemesha, kwa kuwa kusema vingine ni kukosa imani. Nimekulia ndani ya desturi hiyo na sikuwahi kuichukia, mpaka asubuhi ile mahakamani.

Mdogo wangu, mtu mzima aliyekuwa fundi umeme kule Kakanda, husikia sauti. Akichomwa sindano yake kila mwezi anatulia, anatengeneza redio za majirani na kututania sisi sote. Mwaka jana aliikosa miezi mitatu, akavunja vioo vya famasi moja kwa nondo, akidai wenye famasi wanamwibia mawazo. Polisi wakamchukua.

Nilihangaika mno. Nilipata cheti cha daktari, nikapata na muuguzi aliyekubali kumfuatilia. Wakili akanihakikishia kwamba hakimu anasikiliza: angempa kifungo cha nje, alale nyumbani, mradi familia iahidi kumpeleka kwenye sindano. Lilibaki neno la mama tu, maana mdogo wangu anaishi kwake.

Hakimu alimuuliza kwa upole kabisa, kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifaransa. "Mama, mutoto yako iko na maladi ya kichwa?"

Mama akasimama, akanyoosha kitambaa chake cha kichwani. "Hapana, monsieur le juge. Alishakupona. Kwa jina la Yesu, alishakupona!"

Nyuma yetu wamama wawili wa kanisani wakaitikia amina. Nikamvuta mama kikwembe chake cha kiunoni. Wapi! Hakimu alitazama cheti, akarudia swali, na mama akarudia jibu kwa sauti kubwa zaidi. Basi, mdogo wangu akahesabiwa kuwa mtu mwenye akili timamu aliyeharibu mali ya watu kwa makusudi. Mwaka mmoja gerezani.

Tulipotoka nje nikamuuliza sababu. "Mama, juu ya nini?"

"Weye unataka nikatale Mungu mbele ya bantu?"

"Miye nilitaka useme tu iko mugonjwa!"

Hakimu naye nilimkasirikia, na mpaka leo sijamsamehe. Karatasi ya daktari alikuwa nayo mkononi. Kwa nini amuulize mama mwenye hofu ya Mungu kitu ambacho daktari alishakiandika?

Wakili alisema tunaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi, ila lazima mama akubali kusema ukweli. Mama akaingia kwenye mfungo wa maombi. Siku zikaisha.

Wiki iliyofuata akampelekea bukari, ugali wetu, gerezani, akarudi nayo yote. Mdogo wangu alikuwa amemfukuza, akipiga kelele kwamba huyu si mama yake, ni mtu wa famasi aliyevaa sura ya mama. Mama aliketi jikoni bila hata kuvua viatu.

"Mutoto iko mugonjwa," akasema.

Alilisema neno hilo hatimaye, na wa kumsikia nilikuwa mimi peke yangu.