Dobi Aliyeacha Kuoga

Pale Arpino, ukitaka joho lako liwe jeupe la kutia watu wivu, ulilipeleka kwa Satria. Ungeziba pua mlangoni, maana madobi wa milima hii wanafulia mkojo uliochacha na hawaoni haya kukuambia, lakini ungelipeleka tu. Satria mwenyewe alikuwa hanuki. Kila alasiri aliingia bafu la mji akajisugua mpaka ngozi ikawaka, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za wake wa wakubwa. Alijua hivyo, na alipokuwa akizungumza nao aliinyoosha mikono yake mbele ili nao wajue.

Madobi wa Arpino wana jeuri yao. Mtu mkubwa kuliko wote waliozaliwa huku, aliyefika Roma akaitawala kwa ulimi bila upanga, maadui zake walimtukana kwamba ni mtoto wa dobi. Wao walidhani ni tusi! Huku vifua vilivimba kwa fahari, na mpaka leo tunamwita Mzee Wetu. Hata asiyejua kusoma aliyajua mafundisho yake, kwa sababu Filero, mwalimu wa watoto, aliyasoma kwa sauti kwenye duka la mvinyo kila aliponunuliwa kikombe. Kwamba nchi ni ya watu wake wote. Kwamba haki imejengwa juu ya ahadi inayotimizwa. Kwamba anayekudhulumu kwa hila ni mwovu kuliko anayekudhulumu kwa nguvu. Maneno mazuri sana. Aliyeyasema walimkata kichwa na mikono, wakavitundika Roma kwenye jukwaa lile lile alilokuwa akihutubia.

Mwaka huo watawala wa Roma walitoa amri maadui zao wauawe na wanaowasaliti wazawadiwe; tunauita mwaka wa vichwa, na ndio uliomchukua Novio, mdogo wake Satria. Mama yao alikufa mapema, kwa hiyo Novio alikulia mgongoni mwa dada yake, katikati ya mapipa ya kufulia. Alipokuwa mtu mzima alimficha tajiri mmoja aliyekuwa akitafutwa na askari, mtu aliyewahi kumsaidia. Askari walipojua, wakaanza kumtafuta na yeye. Novio akakimbilia kwa Kesio, rafiki yake wa tangu utoto. Kesio akampa mkono wa kuume mbele ya moto wa nyumbani kwake, akaapa kwa miungu ya nyumba: hapa ni kwako. Siku ya pili aliwaachia askari mlango wa nyuma wazi, na Novio akauawa.

Hakuna mahakama iliyoweza kumgusa. Amri ya mwaka ule iliwasifu watu wa namna yake, na yeye akapewa shamba la mizeituni la yule tajiri. Satria alilia, kisha akanyamaza. Watu wakadhani amesahau. Watu ni wepesi wa kudhani, hasa wanapoona raha kufanya hivyo. Miaka ikapita, Kesio akanenepa, akawa anagawa mafuta sikukuu zikifika, na mwishowe akatamani kuwa mmoja wa wakuu watatu wa mji.

Mgombea kwetu ni lazima avae joho lililopakwa chaki, jeupe la kuumiza macho, azunguke uwanjani akiwashika watu mikono. Kesio akamwagiza mtumishi apeleke joho kwa dobi. Kwa dobi gani, hakuuliza. Wakubwa hawajui nguo zao zinafuliwa na nani, na kosa la Kesio lilianzia hapo.

“La nani hili?” Satria alimwuliza mtumishi.

“La bwana Kesio. Anasema lipakwe chaki mpaka aonekane toka mlima wa pili.”

Mtumishi alipoondoka, Hilara alishuka pipani miguu ikichuruzika. Hilara alikuwa mtumwa wa duka lile zamani, akaachwa huru, akabaki kwa sababu alimpenda Satria na alipenda zaidi kusengenya.

“Bibi, niachie mimi,” alisema huku macho yakimwaka. “Nitalifukiza salfa mpaka uzi uoze. Akiinua mkono tu kusalimia, kwaaa! Na hawa wagombea hawavai kitu ndani. Mji mzima utauona ugombea wake.”

Satria alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaacha.

“Hapana. Nimtege kwa kazi ya mikono yangu? Hiyo ndiyo tabia yake yeye. Mkono mmoja anakupa, wa pili unafungua mlango. Mimi nitamfanyia mchana kweupe, na atajua ni mimi.”

“Kwa hiyo nilifue vizuri?”

“Lifue kuliko ulivyowahi kufua nguo yoyote. Nataka ang’ae, Hilara. Nataka hata vipofu wamwone.”

Siku hiyo Satria hakwenda bafuni. Wala iliyofuata. Alizifumua nywele zake, akajipaka majivu, akavaa nguo nyeusi ya kilio aliyoichovya kwenye tope la chini ya pipa. Kwetu aliyedhulumiwa akakosa mahakama ana haki hii moja: kuvaa uchafu na kumfuata aliyemdhulumu mbele za watu. Hasemi kitu, hagusi mtu. Na ole wake atakayemgusa, maana anayempiga mtu aliyevaa kilio amekiri mwenyewe.

Kesio aliposhuka uwanjani akiwa na wafuasi wake, joho liling’aa kweli kweli, watu wakapiga miluzi. Kisha wakaiona ile nukta nyeusi nyuma yake. Mwanamke msafi kuliko wote Arpino, ananuka kama pipa lake. Alisimama Kesio aliposimama, akatembea alipotembea. Kila mkono Kesio aliounyoosha, mwenye kuushika aliangalia kwanza nyuma ya bega lake.

“Mwanamke huyu ana nini?” Kesio aliuliza akijichekesha.

“Huyo si dobi wako?” akajibu mwuza dengu kutoka kwenye kibanda chake. “Amekusafisha wewe, yeye akabaki na uchafu wako!”

Watu wakaangua kicheko, na Kesio alipomtazama vizuri yule mwanamke akamtambua. Uso ukamparama. Satria aliuona ule uso, na siwezi kukuficha, aliufurahia. Aliporudi nyumbani alikula mkate na jibini kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu mwaka wa vichwa.

Akaendelea hivyo siku baada ya siku. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti mambo waliyokuwa wakinong’onezana. Siku ya gulio, vijana wa madobi wakamzunguka Kesio wakaimba kwa makofi: “Kesio, Novio yuko wapi? Kesio, mlango uko wapi?” Wafuasi wake wakaanza kukumbuka shughuli walizoziacha nyumbani.

Filero alimfuata Satria jioni ile na kikombe mkononi, amelewa kidogo, lakini si kiasi cha kusahau anachosema.

“Dada Satria, umeshinda. Hatapata kura. Lakini Mzee Wetu alifundisha kwamba hata aliyekukosea unawajibika kwake. Kisasi kina mpaka wake. Mkosaji akijuta, na wengine wakaogopa kufanya alivyofanya, yatosha.”

“Amejuta?”

“Bado.”

“Basi usinipigie kelele, mwalimu. Akijuta uje.”

Kesio akaja mwenyewe kabla ya siku ya kura. Alikuja bila wafuasi, akasimama mlangoni kwa dobi bila kuziba pua.

“Sema unachotaka, mama. Shamba? Lichukue.”

“Sitaki mizeituni yako. Panda jukwaani, ukaseme kwa kinywa chako ulivyofanya. Na uniambie Novio alisema nini walipomchukua. Ni wewe tu uliyemsikia.”

“Nikisema hayo nimekwisha.”

“Ndiyo,” Satria alisema. “Ndiyo maana nataka.”

Asubuhi iliyofuata uwanja ulijaa. Kesio alikuja amevaa uchafu na yeye, ndevu hazikunyolewa, joho kuukuu lenye madoa. Wengine walisema anaigiza, kwa sababu wanaoshtakiwa huvaa hivyo kutafuta huruma. Lakini alipopanda jukwaani hakutafuta huruma. Akasema yote: mkono wa kuume, kiapo, mlango. Akasema alitamani shamba. Halafu akamtazama Satria aliyekuwa chini ya jukwaa.

“Nilikwenda kumwamsha,” alisema. “Nikamwambia mlango wa nyuma uko wazi, apite huko. Akadhani namtorosha. Akanikumbatia. Akasema, ‘Asante, ndugu yangu, mwambie dada nimepata pa kukimbilia.’ Akatoka. Wao walikuwa pale nje.”

Kesio akapiga magoti, akalia kwa sauti, akajiondoa kwenye ugombea mbele ya wote. Kulikuwa na wanawake waliolia naye. Hata yule mwuza dengu alijipangusa macho. Hilara tu ndiye aliyetema mate.

Satria hakulia. Muda wote ule alidhani Novio alikufa akijua, akimlaani Kesio, na laana ile ilikuwa imemsaidia kuishi. Kumbe alikufa na furaha aliyodanganywa, na kulikuwa na ujumbe wa kwake ambao Kesio alikuwa ameukalia akigawa mafuta sikukuu. Hasira iliyompanda pale uwanjani ilikuwa mpya kabisa, changa, na kubwa kuliko ya kwanza.

Filero alimshika kiwiko. “Sasa imetosha, dada. Amejuta, nani asiyeona? Nenda ukaoge. Mpaka wenyewe ndio huu.”

“Nimeuona,” Satria alisema. “Sina shida ya macho.”

Akarudi nyumbani. Hilara alikuwa amemtayarishia maji ya moto, mafuta, na nguo safi aliyoifua kwa mikono yake. Satria aliishika nguo ile, akaikunja vizuri, akairudisha kabatini.

“Bibi,” Hilara alisema kwa sauti ndogo, “watu wote wako upande wako leo. Kesho hawatakuwa.”

“Najua.”

“Watasema una roho mbaya.”

“Waseme. Mzee Wetu alikuwa na roho nzuri, na tumeona walivyomfanya. Mwaka ule hakuna aliyewaambia wao kuhusu mpaka. Mpaka tunaambiwa sisi.”

Kulipokucha, Kesio alifungua mlango wake. Hakuwa mgombea tena. Alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu anayetaka kwenda shambani kwake. Satria alikuwa amesimama barabarani, majivu usoni, nywele chini. Majirani waliolia jana uwanjani walimtazama Satria, wakafunga madirisha. Filero alipita na watoto wake wa shule, akageuza uso, asimsalimie.

“Nimesema yote,” Kesio alisema. “Sina kitu tena. Unataka nini?”

“Sitaki kitu.”

“Sasa mpaka lini, mama?”

“Alipokwambia asante,” Satria aliuliza, “wewe ulimjibu nini?”

“Nilimwambia, nenda salama.”

Satria alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kesio akaanza kutembea. Satria akamfuata.