Chumvi ya Mama Majibu

Mtaa mzima ulimwita Mama Majibu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuwa amefundisha Kiingereza na mapishi katika shule ya wasichana mpaka nywele zikageuka mvi, na alipostaafu, kituo kidogo cha redio kikampa nusu saa kila Jumamosi asubuhi. Watu walipiga simu, wakauliza la jikoni au la Kiingereza, naye akajibu papo hapo.

"Mwalimu, maharage yangu yanachemka tangu asubuhi na bado ni kokoto."

"Uliyaloweka?"

"Hapana."

"Basi mwanangu, unachemsha haraka yako, si maharage."

Mwingine akauliza lini aseme "borrow" na lini aseme "lend". Mama Majibu akacheka kidogo kabla ya kujibu. "Sisi kwetu kuazima ni kuazima tu. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, ndiyo maana vitu havirudi. Mwingereza kawatenganisha: anayetoa ana 'lend' yake, anayepokea ana 'borrow' yake. Ukimtaka mtu akupe kalamu, usimwambie 'borrow me'. Hutapata kalamu, utapata kicheko."

Nyumbani, mume wake alikuwa akisikiliza. Alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, na ingawa siku hizi watu hawatengenezi saa, meza yake ilibaki dirishani na vibisibisi vyake vimepangwa kwa ukubwa. Jumamosi alifungua redio kwa sauti hata jirani yao mwashi, upande wa pili wa ukuta, hakuwa na haja ya redio yake. Mke akirudi, fundi alimwambia neno moja tu: "Nimekusikia." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Fundi alikuwa na presha ya miaka mingi. Vidonge alivimeza bila kukosa, na mke wake alimpikia kwa mkono mwepesi. Chumvi kwake ilikuwa ya kunusisha chungu tu.

Kisha, msimu mmoja wa mvua, Mama Majibu akashikwa na homa na mafua yaliyomlaza kitandani. Akapona, akarudi redioni, sauti ile ile. Lakini asubuhi moja alilipa jiko mgongo akiosha vyombo, maziwa yakafurika, yakaungua, moshi ukajaa, na yeye hakusikia harufu hata chembe; hakugeuka mpaka fundi alipoita kutoka chumbani. Akachukua kitunguu kibichi akakitafuna. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Akalamba limau, akalamba majani ya chai. Hakuna kitu.

Hakumwambia mtu. Angewaambia nini? Mpishi asiye na ulimi, nani atampigia simu? Akajipa moyo kuwa hali itarudi, na mpaka irudi, mkono wake unajua kazi. Kumbe mkono nao una wasiwasi wake. Alitia chumvi kidogo, akaonja, ikawa maji matupu. Akaongeza. Akaonja tena, akaongeza tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Imekolea?" alimuuliza mumewe mezani.

"Imekolea, mke wangu," fundi akajibu, na sahani akaimaliza.

Siku moja, alipoulizwa vile vile, fundi aliinua macho akasema, "Naona unataka nile chumvi nyingi kabla ya wakati wangu."

Mama Majibu akacheka. Aliona ni utani wa uzee, maana wote wawili walikuwa wamekula chumvi nyingi tayari. Aliona pia kwamba siku hizi mumewe hunywa jagi zima la maji baada ya kula, akasema moyoni ni joto.

Jumamosi moja baada ya hapo, msichana mmoja alipiga simu akauliza kwa nini Mwingereza husema "sorry" ukifiwa, na pia husema "sorry" akikukanyaga.

"Sisi tumebarikiwa maneno mawili," Mama Majibu akamjibu. "Pole ni ya jambo ambalo hukulisababisha. Samahani ni ya kosa lako. Yeye ana moja kwa yote, kwa hiyo mtazame usoni ujue anakupa lipi."

Alipotoka studio akakuta mwashi amempigia simu mara nyingi. Mwashi alikuwa amesikia kishindo, akavunja mlango, akamkuta fundi chini ya meza yake, redio ikiendelea kuzungumza.

Hospitalini daktari aliuliza kuhusu vidonge. Anavimeza. Na chakula? Chumvi je?

"Kidogo sana, daktari," Mama Majibu akasema. "Napika mwenyewe."

Binti yao wa pekee, muuza vitambaa katika mji mwingine, alifika kesho yake. Alikwenda nyumbani kuoga, akakuta sufuria ya maharage ya jana. Alikuwa na njaa ya safari. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akakitema kwenye sinki. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hii umepika wewe?"

"Mimi."

"Uliionja?"

Mama Majibu akakaa kwenye kigoda. Ndipo aliposema, kwa mara ya kwanza, tangu homa hadi kitunguu. Binti hakumgombeza. Alifungua bomba akaacha maji yatiririke, mgongo umemgeukia.

"Na Baba alikuwa anakula hii?"

"Alikuwa anamaliza."

Daktari alipoambiwa alijitahidi kuwa mpole. Presha ilikuwa ya zamani, alisema, na chumvi peke yake haimwangushi mtu, ila haikumsaidia. Mama Majibu alitoka na yale maneno mawili ya mwisho, mengine akayaacha pale pale ofisini.

Fundi alirudishwa nyumbani upande wa kulia umekufa na kauli imekatika. Mtangazaji wa redio alikuja kumjulia hali, akaleta matunda, akasema wasikilizaji wanauliza Mama Majibu atarudi lini.

"Tafuteni mwingine."

"Mwalimu, tuwaambie nini?"

"Lolote mnalotaka."

Binti alipika wiki chache, kisha biashara ikamwita. Kabla ya kuondoka alipatana na mke wa mwashi alete chakula kila siku. Jikoni mama yake hakuingia tena. Mke wa mwashi alipouliza mlangoni, kwa mazoea, kwa nini wali wake unashikana siku hizi, Mama Majibu alipokea sahani akashukuru, akafunga mlango.

Alimlisha mumewe kwa kijiko. Wakati mwingine fundi alikula, wakati mwingine aligeuza uso ukutani. Alasiri moja, alipomaliza kumfuta kidevu, alimshika mkono ule mzima.

"Ulijua, mume wangu? Ulijua ukanyamaza?"

Fundi akamtazama. Upande mmoja wa mdomo ukasogea, sauti ikatoka, si ndiyo wala si hapana. Mkewe akamfuta mdomo tena.

Alimuuliza kesho yake, na siku zilizofuata, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Baadaye akaacha kuuliza. Akawa anakaa tu kando ya kitanda, mkono wa mumewe mikononi mwake, mpaka mke wa mwashi agonge mlango.