Mistari Myekundu Chini ya Majina

Nilikuwa nimechoka kuosha magari ya watalii, nikapata kazi ya kuchapa kwenye steshenari ya Hajati mmoja pale Karatu mjini. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nikiona kitufe lazima nikibonyeze nijue kinafanya nini. Ndiyo maana asubuhi ile, kompyuta iliponiuliza kama nataka toleo jipya la programu ya kuandikia, nilikubali kabla sijamaliza kusoma swali.

Saa tatu akaingia mkulima wa kijijini Kansay. Jana yake alikaa kwenye benchi letu karibu saa mbili nzima akinisimulia maisha ya mama yake, nami nikaandika wasifu wa marehemu. Mama alikuwa anazikwa leo hiyo saa nane, na gari lilikuwa likimsubiri mkulima nje.

"Fundi, nipe karatasi zangu niwahi."

Nikafungua faili. Dirisha likawa jeupe, likajifunga. Nikafungua tena, likajifunga tena. Nikazima mashine, nikawasha. Vilevile.

"Umebonyeza nini?" Hajati aliuliza kutoka kwenye rafu za madaftari.

"Nimekubali toleo jipya, Hajati."

"Nani alikutuma? Wewe hata wakikupa kitufe cha lifti utakibonyeza, na Karatu hatuna lifti!"

Mkulima alicheka kidogo, kisha akatazama saa. "Kuyasema tena yale siwezi," akasema. "Jana nimeyasema mara moja, yametosha."

Nilitaka kukimbilia steshenari ya jirani na flashi, lakini mwenyewe alikuwa amefunga, ametangulia kwenye msiba huohuo.

Nikafungua ukurasa mtupu. Ukakaa. Nikaandika tarakimu, ukakaa. Nikaandika neno moja, nikagusa kitufe cha nafasi, programu ikafa. Tarakimu inazivumilia, maneno inayakataa. Nikajiuliza: programu inalifanyia neno kitu gani isichozifanyia tarakimu? Inalikagua tahajia.

Hapo nikakumbuka. Wateja wetu walikuwa na tabia ya kuchungulia kioo wakati nachapa. Wakiona mstari mwekundu chini ya jina lao walikasirika. "Kompyuta imenikataa," wanasema, au, "Futa hiyo nyekundu, mimi sijafa." Ili tusigombane, kila jina lililopigwa mstari nilikuwa naliongeza kwenye kamusi ya mashine, na wekundu unatoweka. Nilifanya hivyo miezi mingi.

Nikaitafuta ile kamusi, nikaifungua kama maandishi matupu. Nilishtuka. Majina yalishuka na kushuka, wa Baray, wa Kansay, wa mjini, walio hai na waliokwisha kuzikwa, yote kwa mkono wangu. Toleo jipya lilikuwa linapaliwa na orodha hiyo. Nikaihamishia pembeni, nikafungua wasifu.

Ukafunguka.

"Alhamdulillahi!" Hajati akasema.

Lakini kila jina sasa lilikuwa na mstari mwekundu. Mkulima akainama mpaka kofia yake ikagusa kioo.

"Mbona mama ana nyekundu?"

"Usijali baba, mashine haimjui tu."

Akaweka kidole kwenye jina, akalifuata herufi kwa herufi. Akarudi mwanzo, akalifuata tena.

"Hata mimi simjui huyu."

Jina la mama yake la Kiiraqw lina ile h ya kooni, ambayo huandikwa kwa h mbili zikifuatana. Mimi niliandika moja, mwanzo hadi mwisho. Jana, mstari mwekundu ulipotokea mara ya kwanza, niliongeza kosa langu kwenye kamusi, na mashine ikanyamaza. Naye jana hakuwa akitazama kioo. Alikuwa akitazama mikono yake.

Nikasahihisha kote. Alisimama juu ya bega langu akitamka jina kila nilipofika, na kila mara nililisikia koo lake likilibana. Nikachapa nakala zake. Akasoma ya kwanza, akaitikia kwa kichwa, akazikunja ndani ya koti.

Mlangoni akasimama.

"Baba yangu mkubwa naye wasifu wake mliandika nyinyi, alipofariki kabla ya mvua. Hebu niangalizie." Akalitaja jina, nalo lilikuwa na ile h ya kooni.

Sikutaka. Nikaifungua tena ile orodha, nikashuka taratibu mpaka nikalikuta. Na lenyewe lilikuwa na h moja.

"Ndivyo alivyosomwa msibani?" Hajati akauliza, sauti chini.

"Ndivyo," mkulima akasema. "Msomaji alikuwa mgeni, sisi tukadhani ni ulimi wake." Dereva akapiga honi, naye akatoka haraka kumwahi mama yake.

Hajati akaniuliza kama mashine imepona. Nilikuwa bado natazama orodha, nahesabu majina yenye h moja.