Vyumba Viwili vya Bibi

Mlio mdogo wa kompyuta ndio ulionirudisha utotoni, kijijini Hasamba. Mjukuu wangu Ombeni alikuwa akicheza mchezo wa nukta na vyumba, nyumbani kwangu hapa Tunduma. Unachora mstari mmoja kati ya nukta mbili, na anayeziba chumba kwa mstari wa nne anakichukua, kisha anachora tena.

"Bibi, mashine hii ni jinga," akasema. "Ingeweza kula vyumba vyote, lakini kila mara inaniachia viwili. Halafu inanishinda!"

Nikavaa miwani. Chai yangu ikapoa mkononi.

Enzi za Mwingereza nilitolewa nikakae na Bibi mzaa baba, kama ilivyokuwa desturi kwetu, nimchotee maji na kumtafutia kuni, maana mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Kaka ndiye aliyetuletea mchezo huo kutoka shule. Aliuchora kwa penseli kwenye karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari, nami nikairamba pembe zote. Bibi hakujua a wala be. Vyumba vyake aliviwekea maharage, mimi punje za mahindi.

Na alinishinda kila siku! Akipata safu ndefu ya vyumba alikula, alikula, kisha akaniachia viwili vya mwisho. "Hivyo vyako, mke mwenzangu, usije ukalala na njaa." Nilivirukia huku nikimcheka moyoni. Nikishavichukua ilinibidi nichore tena, na popote nilipochora nilimfungulia safu nyingine. Mimi nilidhani ana huruma, tena ana bahati.

Ndipo mwalimu wa misheni akaja kuniombea ruhusa ya kwenda shule yao ya bweni. Niliitaka sana shule ile. Baba akasema, "Mtoto ni wa mama yangu. Muulizeni yeye."

Bibi akavuta karatasi. "Ukinishinda, nenda. Nikikushinda, tubaki sote."

Tulicheza uani, kando ya kahawa iliyoanikwa. Zikabaki safu mbili ndefu, na zamu ikawa yangu. Nikamfungulia ile fupi kidogo. Akaweka harage, akaweka harage, akafika kwenye viwili vya mwisho. Akavitazama kwa muda mrefu, kisha akavila vyote. Sasa ikawa lazima achore yeye, na safu kubwa ikawa yangu yote. Niliruka, nikapiga vigelegele. "Leo tamaa imekuponza, Bibi!"

"Kweli, tamaa," akasema, akaanza kuokota maharage yake moja moja.

"Haikuachii kwa ujinga," nikamwambia Ombeni. Akili ninayoistaajabia leo ndani ya mashine, Bibi alikuwa nayo kichwani, na siku moja tu aliiweka kando kwa makusudi. Mimi nilisoma, nikafundisha hesabu mpaka nikastaafu, nikijisifu kwamba nilimshinda. Wala sikuwahi kuuliza, nilipoondoka, maji alichotewa na nani.